KAZI HUKATALIWA KWA KIPIMO

Ndugu wafanya kazi,

Leo hatuandiki juu ya mabwana wakubwa. Twaandika juu yetu wenyewe, kwa maana boriti imo jichoni mwetu.

Hivi karibuni tulifanya karamu ya kuwaaga wazee wetu waliostaafu. Tulimwita kijana mpiga picha, tukampa arubuni, na baki tukaahidi kuilipa atakapoleta picha. Akafanya kazi kutwa nzima. Alipozileta, baadhi yetu wakasema, "Hazikupendeza, hatulipi." Tulipomwuliza aliyepiga kelele zaidi kosa liko wapi, akajibu kwamba kitambi chake kimeonekana mno. Na huku picha hizo hizo zimo katika simu zetu, na moja tumeitundika ofisini. Je, kazi iliyokataliwa hutundikwa ukutani?

Sisi watu wa reli twajua maana ya kukataa kazi. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1000, na ile iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 ina milimita 1435. Mkaguzi akikataa gurudumu, hulikataa kwa kipimo, tena huonyesha kosa. Lakini foromani akikataa kutia sahihi kazi yetu kwa kuwa ameamka na hasira, sisi hulalamika na chama husimama. Basi kwa nini tumfanyie mwenzetu jambo ambalo sisi wenyewe hatukubali kufanyiwa?

Wako wasemao kwamba mwenye fedha ndiye mwenye hiari. Ni kweli, picha zikiwa na giza, au zikiwa zimewakosa wazee wenyewe, tuna haki ya kuzikataa. Lakini yatupasa kusema upesi. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, yamhesabu mnunuzi kuwa amepokea, akikaa na bidhaa muda wa kutosha pasipo kusema amezikataa. Picha ya kuagiza si gunia la mahindi, lakini haki ni ile ile. Tena Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 yasema kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa humwendea yule aliyeiagiza, isipokuwa wamepatana vingine. Maana yake, kijana amebaki na ujira tu. Picha za wazee wetu atamwuzia nani mwingine?

Twashauri hivi. Kabla ya kazi yo yote iandikwe katika karatasi: picha ngapi, za nani, zitaletwa lini, nani atazikagua, na siku ngapi za kutoa malalamiko. Penye kosa, fundi aonyeshwe na apewe nafasi ya kutengeneza, kama yawezekana. Pasipo kosa, alipwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na baki ya kijana yule ilipwe kabla ya mkutano ujao wa tawi. Ahadi ni deni, na yeye pia hula kwa jasho lake. Tukimdhulumu, siku ya kwenda kudai haki yetu tutakwenda na uso gani?

Ni sisi wenzenu wa karakana ya reli.