Mnara wa Lugalo na Wafu Wasiotajwa

Tarehe 1 Novemba 2023, siku ya Sherehe ya Watakatifu Wote, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wetu wakati wa Vita vya Majimaji. Aliahidi pia kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano. Tangu hapo mazungumzo yameelekea zaidi kwenye mafuvu na vitu vilivyoko Ulaya, na ni haki iwe hivyo. Lakini uko urithi mwingine wa ukoloni ambao haukuvuka bahari, na wasafiri huupita kila siku.

Tunausema mnara wa Lugalo, karibu na barabara kuu itokayo Iringa kwenda Morogoro. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliushambulia msafara wa jeshi la kikoloni wakamwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Baadaye Wajerumani walijenga mnara kumheshimu yeye na wenzake walioanguka. Ni jambo la kutafakari: jeshi lililoshindwa limepata mnara kwenye uwanja wa kushindwa kwake, kwa sababu miaka mitatu baadaye lilirudi na mizinga likaiteka Kalenga. Anayeshinda mwisho ndiye anayechonga jiwe.

Na tumjue huyo aliyeheshimiwa. Watu wa pwani walimwita Nyundo. Huko Pangani, mwaka 1888, ubabe wake ulikuwa miongoni mwa cheche zilizowasha vita vya Abushiri. Katika safari yake ya Uhehe alichoma vijiji njiani. Tunayasema haya bila chuki, kwa kuwa heshima isiyovumilia ukweli haimfai hata marehemu mwenyewe.

Lakini Wazungu waliouawa siku ile walikuwa 10. Waafrika waliokufa upande wao walikuwa mamia: askari, wengine wao wakiwa wenye asili ya mbali kama Sudan, na wapagazi waliokuwa wamebeba mizigo vichwani wakati mikuki ilipowafikia. Mpagazi hakuwa na bunduki wala cheo, na huenda hakujua hata sababu ya safari. Nao Wahehe walipoteza vijana wao. Kamanda anayetajwa kuwaongoza, Mpangile, nduguye Mkwawa, alitawazwa na Wajerumani wenyewe mwishoni mwa mwaka 1896. Haikupita miezi mitatu wakamwua. Mkwawa naye alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na fuvu lake likarudi nyumbani mwaka 1954.

Wako wanaotaka minara ya namna hii ibomolewe. Tunaielewa hasira yao, ila hatuafikiani nao. Tukiuondoa mnara wa Lugalo, tutakuwa tumeondoa ushahidi kwamba jeshi lile lilishindwa hapo. Taifa letu, kwa busara, lilikwisha kulichukua jina hilo: kambi na hospitali ya jeshi jijini Dar es Salaam huitwa Lugalo. Kosa la jiwe lile ni ufinyu wake. Ni kosa la zamani sana. Maandiko yanasimulia jinsi Sauli, akitoka vitani, alivyokwenda Karmeli kujisimamishia mnara, na Samweli hakumsifu.

Tofauti na Sauli, Yuda Makabayo alipowakuta askari wake wameuawa wakiwa na vitu vya sanamu mwilini, hakuwajengea nguzo. Alichanga fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe dhabihu kwa ajili ya dhambi zao. Aliwapenda bila kuficha kosa lao. Kwa waamini wa Iringa hili si jepesi, kwani kuwaombea wafu wa Lugalo wote ni kumwombea pia Nyundo, na askari aliyewasha moto nyumba ya babu wa mtu fulani aliye kanisani leo.

Kwa wenye mamlaka ya mambo ya kale, tunapendekeza kibao cha Kiswahili na Kihehe kitakachowataja wapagazi, askari na Wahehe waliokufa, hata kama majina yao hayapatikani, pamoja na vijiji vilivyochomwa. Kwa maparoko walio kando ya barabara ile, tunapendekeza nia moja ya Misa kila tarehe 17 Agosti, kwa ajili ya wote waliolala pale, wa pande zote mbili.