Moteri inawaka, kisha inazimika: tuanzie wapi?



Kikundi kimoja cha wamama kimetuletea shida ya mashine yao ya kusagia mihogo. Moteri yake ni Lister ya zamani, ile yenye magurudumu mawili mazito ya chuma. Imefunguliwa yote na kutengenezwa upya, ikawekwa pistoni mpya. Inawaka vizuri, inasaga dakika kumi, halafu inazimika. Wakingoja kidogo, inawaka tena. Sasa fundi anaomba franka za kununua pompi mpya ya mazutu. Franka hizo ziko kwenye sanduku la kikundi, na ndizo zinazongojewa kwa masomo ya watoto. Je, watoe?

Tunajibu: bado. Pompi ni ya mwisho, si ya kwanza. Kwanza muulizeni moteri mwenyewe.

Mara tu inapozimika, katazeni mazutu, toeni mkanda, kisha fundi azungushe gurudumu polepole kwa mkono.

Kama gurudumu ni zito hata vali ya moshi ikiwa imeinuliwa, moteri inakaza kwa joto. Pistoni mpya inabana, au mafuta ya moteri au maji ya kupoza hayafiki. Msilazimishe kuwasha tena. Acheni ipoe, mwangalie mafuta na maji. Moteri iliyotoka kutengenezwa isipewe kazi nzito siku za kwanza.

Kama vali imeshushwa na gurudumu bado linazunguka jepesi bila kugoma, vali hazifungi vizuri. Baada ya matengenezo, kichwa cha moteri hukaa chini kidogo, na nafasi ya vali inapungua. Fundi akaze kichwa na apime nafasi hiyo tena. Ni kazi ya mkono, haihitaji kununua kitu.

Kama gurudumu linagoma kama kawaida, basi shida iko kwenye njia ya mazutu. Hapo tufuate njia yenyewe, kuanzia tangi.

Kwanza kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kuingiza hewa. Likizibwa na vumbi la unga au rangi mpya, mazutu yanashindwa kushuka. Moteri ikizimika, fungueni kifuniko. Ikiwaka tena na kuendelea kifuniko kikiwa wazi, mmepata ugonjwa, na dawa yake ni sindano ya kuzibua.

Pili bomba. Litolewe upande wa filta, mfungue robine juu ya bidoni. Mazutu yatiririke bila kupungua. Yakianza kwa nguvu kisha yakawa matone, chini ya tangi kuna uchafu unaovutwa mpaka mlangoni; moteri ikisimama unarudi chini. Ndiyo sababu inawaka tena baada ya kungoja. Oshe tangi, mbadilishe filta.

Tatu hewa. Pete ndogo za shaba kwenye viungo vya bomba zikirudishwa za zamani, zimekwisha kuwa ngumu na zinaingiza hewa. Ziwekwe mpya. Kisha fundi alegeze skrubu ya filta mpaka mazutu yatoke bila povu, akaze, afanye vile vile kwenye pompi.

Haya yote yakiwa sawa na moteri bado inazimika, hapo ndipo tuzungumze juu ya pompi na enjekta.

Onyo mbili. Mtu asivute sigara wala kuleta jiko karibu wakati tangi liko wazi. Na enjekta ikijaribiwa nje, mkono usikaribie kabisa: mazutu yanatoka kwa nguvu ya kupenya ngozi, na kidonda chake, hata kikiwa kidogo kama tundu la sindano, ni cha kukimbilia hospitali siku ile ile.

Kwa habari ya malipo: wamama wawili wakae na fundi anapofanya kazi, waandike katika daftari kila kilichoguswa. Kifaa cha zamani kirudishwe kwa kikundi. Sehemu ya mwisho ya malipo itolewe moteri ikiisha kusaga saa nzima bila kuzimika, unga ukiwa mbele ya macho yenu.

Kuuliza fundi si kumdharau. Sanduku ni jasho letu sote.