Kura kwa Kiswahili, Sheria kwa Kiingereza

Anayetaka kuiwakilisha wadi ya Kiamaiko katika Bunge la Kaunti ya Nairobi hana budi kuomba kura kwa Kiswahili. Hafanyi hivyo kwa uzalendo, la hasha. Hana njia nyingine. Wadi hii, mojawapo ya sita za eneobunge la Mathare, ndiyo kitovu cha biashara ya mbuzi jijini. Malori huteremsha hapa mifugo iliyotoka Isiolo, Marsabit na Moyale. Mwenye mbuzi Mborana, mchinjaji, msukuma mkokoteni na mama anayenunua matumbo akayauze hawana lugha nyingine inayowakutanisha wote. Mgombea atakayehutubia kwa Kiingereza mbele ya vichinjio hivyo atasikilizwa kwa adabu na mbuzi peke yao.

Ndiyo maana majira ya kampeni Kiswahili hupata hadhi ya ghafla. Hutiwa vina, hupambwa kwa methali, huimbwa. Mwaka 2022 mwanamuziki Kevin Bahati aliwania ubunge wa Mathare kwa tiketi ya Jubilee, na alipotakiwa kumpisha Anthony Oluoch wa ODM aliangua kilio mbele ya waandishi wa habari. Oluoch alikihifadhi kiti chake, Bahati akaibuka wa tatu. Machozi yale yangali yanakumbukwa na wengi ambao hawawezi kutaja hata ahadi moja ya mgombea yeyote katika kinyang'anyiro hicho.

Wapo wapenzi wa Kiswahili sanifu wanaokerwa na Sheng ya majukwaani. Hasira yao imeelekezwa pasipo. Mgombea anayesema Sheng na vijana wa Kiamaiko angalau anaeleweka. Tatizo huanza baada ya kuapishwa.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti vichinjio, masoko, leseni za biashara, udhibiti wa wauzaji wa vyakula na uzoaji wa taka. Ni kana kwamba aliyeliandika alikuwa amesimama Kiamaiko! Hakuna kiti cha kuchaguliwa kinachogusa riziki ya mchinjaji kwa ukaribu zaidi ya hiki cha mwakilishi wadi. Lakini Mswada wa Fedha unaopanga ada na tozo za kaunti huandikwa kwa Kiingereza, na makadirio ya bajeti vilevile. Hivyo mtu aliyeombwa kura kwa lugha anayoijua hutozwa ada kwa lugha asiyoweza kuihoji. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Ni ushirikishwaji gani huo iwapo mshirikishwaji hawezi kuusoma waraka anaotakiwa kuutolea maoni?

Historia imekwisha kutuonyesha udhaifu huu. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru Bunge la Taifa lijadiliane kwa Kiswahili. Miswada, hata hivyo, iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, nao wabunge wakawa wanajadili kwa lugha moja maandishi ya lugha nyingine. Kufikia 1979 Kiingereza kilikuwa kimerudi ukumbini. Kiswahili kilikaribishwa kwenye mazungumzo pasipo kukaribishwa kwenye maandishi, na mgeni wa namna hiyo hakawii kuondoka. Kifungu cha 7 cha Katiba ya sasa kinazitambua lugha zote mbili kuwa rasmi, lakini urasmi huo haujafika kwenye meza ya karani anayechapisha miswada.

Hudaiwa kwamba tafsiri ni ghali na kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Dai la pili halistahili kujibiwa kwa urefu katika jarida kama hili. Makadirio, mgao, ruzuku, tozo na ushuru ni maneno ambayo hata mwanafunzi wa shule ya upili huyasikia redioni. Kuhusu gharama, vyuo vikuu vya Nairobi vina wanafunzi wa tafsiri wanaohitaji matini za kufanyia mazoezi. Badala ya kuwapa kila mwaka kurasa zilezile za riwaya, wangepewa mswada ulio hai, chini ya uangalizi wa wahadhiri wao na mwanasheria mmoja.

Uchaguzi wa 2027 utawarudisha wagombea Kiamaiko na vipaza sauti vyao. Wataahidi mengi yasiyo katika uwezo wa mwakilishi wadi, yakiwemo ya polisi na ya hatimiliki za ardhi. Afadhali waulizwe jambo ambalo mwakilishi wadi anaweza kulifanya kwa hoja moja fupi bungeni: je, yuko tayari kudai kwamba Mswada wa Fedha usisomwe mara ya pili kabla ya nakala yake ya Kiswahili kufikishwa katika kila mojawapo ya wadi 85 za Nairobi?