Binti wa Chekechea Naye ni Mwanagenzi



Mzazi wa Bariadi anayetaka mwanawe ajifunze ushonaji hamwachi mlangoni mwa fundi akaenda zake. Humsindikiza mwenyewe, akaketi na fundi, wakasikilizana: kijana atajifunza kwa muda gani, chakula cha mchana atakipata wapi, kitambaa cha kujifunzia kitatoka kwa nani, na siku atakapomaliza ataondoka na nini mkononi. Shahidi mmoja au wawili huwapo. Hata pasipo karatasi, pana neno lililosemwa mbele ya watu, na fundi anayelivunja hujulikana soko zima.

Sasa tumtazame binti aliyemaliza Kidato cha Nne bila kupata nafasi ya kuendelea, naye anaitwa akasaidie katika chekechea ya kigango. Hakuna anayemsindikiza. Hakuna anayeketi naye. Anaambiwa maneno mawili tu: "Njoo Jumatatu."

Tume yetu imekutana na binti wa namna hiyo. Hatutaji jina lake wala mahali alipo, kwa kuwa shida yake si ya mahali pamoja. Alifika Jumatatu hiyo saa moja na nusu asubuhi, amevaa sketi yake ya shule kwa sababu ndiyo nguo nzuri aliyokuwa nayo. Mwalimu wa chekechea alikuwa amekwenda msibani. Katika chumba kimoja palikuwa na watoto wasiopungua 60, wadogo wao wakiwa na umri wa miaka mitatu. Alikabidhiwa ufunguo na fimbo. Kabla ya saa nne mtoto mmoja alikuwa amejikojolea, wawili wakimlilia mama, na mwingine amekwisha kutoka nje akielekea barabarani. Binti aliimba nyimbo zote alizozijua, zikaisha. Ndipo akaitumia ile fimbo. Alimchapa mmoja wa wale waliokuwa wakilia, nia yake anyamaze, na fimbo ikaacha alama shingoni mwa mtoto.

Mama wa mtoto alikuja amekasirika, naye alikuwa na haki. Kamati ikaitwa. Binti akakemewa mbele ya watu, kisha akaambiwa aendelee na kazi, maana hapakuwa na mwingine. Tulipozungumza naye miezi saba baadaye, alikuwa bado hajafundishwa lolote. Malipo aliyokuwa amepata ni vipande vya sabuni, kitenge kimoja wakati wa Noeli, na ahadi.

Kosa ni la nani? Binti alikosa, na mwenyewe anakiri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu isiyolingana na umri na hali ya mtoto, na haikubali kumrudi mtoto ambaye kwa uchanga wake hawezi kuelewa kwa nini anarudiwa. Mtoto wa miaka mitatu anayemlilia mama yake hana kosa la kurudiwa. Lakini yafaa tujiulize pia ni nani aliyemkabidhi fimbo binti wa miaka kumi na minane, akamfungia chumbani na watoto sitini, kisha akaiita hiyo kuwa ni kazi.

Tatizo letu, kwa maoni ya tume hii, limejificha katika usemi mmoja tunaousikia kila mahali: kwamba kulea, kila mwanamke anajua. Kwetu Usukumani msichana wa miaka saba humbeba mdogo wake mgongoni wakati mama yuko shambani akipalilia pamba au kuichuma. Anamnyamazisha, anamlisha, anamtafunia michembe ikiwa migumu. Basi akifika umri wa miaka kumi na minane tunaona kwamba ana uzoefu wa miaka kumi na mmoja, na kwamba hapana haja ya kumfundisha wala kumlipa kwa jambo alilolifanya bure tangu utotoni. Hesabu hiyo inafaa, lakini inatufaa sisi tusiolipa.

Kumlea mdogo wako mmoja si sawa na kuwalea watoto ishirini na watano wa watu wengine. Idadi hiyo ya 25 kwa mwalimu mmoja ndiyo kipimo kilichowekwa na serikali kwa darasa la awali, ingawa sote tunajua kuwa katika shule nyingi za Simiyu kipimo hicho hubaki katika karatasi. Mdogo wako unamjua: unajua akilia hivi ana njaa, akilia vile ana usingizi. Mtoto wa mwenzako hujui analia nini. Huyu hasikii vizuri kwa sikio moja, nanyi mnamwita mkaidi. Yule hataki kukaa kwa sababu ana kidonda kilichofichwa na nguo. Wa tatu haongei kabisa, na baada ya wiki tatu inagundulika kwamba anaongea sana, ila kwa Kisukuma. Mtoto anayeamka nyumbani kwa "Mwangaluka", akaingia darasani penye Kiswahili tupu, ni kama mgeni ugenini. Anayempokea anahitaji kuzijua lugha zote mbili, na kujua ni lini atumie ipi. Huo ni ufundi, tena ufundi usioonekana kwa macho kama mshono wa suruali. Labda ndiyo sababu tumeshindwa kuuthamini.

Hata majina tuliyoyatumia yanatueleza jambo. Wazee watakumbuka kwamba zamani chekechea iliitwa "shule ya vidudu". Lilikuwa jina la mapenzi, hatukatai, lakini mwalimu wa vidudu naye alionekana kuwa mwalimu nusu. Serikali ilitunga sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana mwaka 1981, na baadaye mambo hayo yakaingizwa katika Sheria ya Mtoto ya 2009. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Desemba 2021 ikazinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, kwa kipindi cha kufikia 2025/26. Sheria na sera, basi, hazikukosekana. Aliyesahauliwa ni yule anayeshika mkono wa mtoto saa mbili asubuhi.

Mkoa wetu una somo lake katika jambo hili, nalo si la zamani. Kati ya mwaka 2014 na 2020 Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyohudumiwa na mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza. Ndani yake palikuwa na mafunzo ya utayari wa kuanza shule kwa watoto ambao hawakuwahi kupita darasa la awali. Watoto hao walifundishwa kwa wiki chache, 12 hapo mwanzo na baadaye 16, kwa njia ya hadithi, michezo na nyimbo, ili wasikie Kiswahili kabla ya kukutana nacho Darasa la Kwanza. Waliowafundisha hawakuwa walimu wenye vyeti. Walikuwa vijana wa vijiji vilevile, waliochaguliwa na jamii zao, wakapewa mafunzo mafupi na vitabu vya hadithi, wakaitwa walimu wasaidizi wa jamii. Kijana wa kijijini, anayejua Kisukuma cha watoto wale na majina ya baba zao, akifundishwa hata kidogo tu, anaweza kuifanya kazi hii. Mpango ulipofika mwisho wake, vijana hao walibaki na ujuzi walioupata. Je, parokia ngapi zimewahi kuuliza kama yuko mmoja wao katika Jumuiya zake Ndogondogo?

Kuanza bila cheti si aibu. Daktari Maria Montessori, ambaye jina lake limebandikwa milangoni mwa chekechea nyingi nchini mwetu, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Msichana aliyewekwa kukaa na watoto wale alikuwa binti wa bawabu wa jengo, asiye na mafunzo ya ualimu. Ila Montessori alikuwa karibu naye. Alimwonyesha vifaa, akamfuatilia, akasikiliza alichokiona kwa watoto. Binti wa bawabu hakupewa ufunguo akaachwa.

Basi mwanagenzi wa chekechea afundishwe nini, na nani? Tumewauliza walimu wazoefu wawili, na majibu yao yalikaribiana mno. Wiki ya kwanza asipewe darasa. Akae pembeni na daftari, ajifunze majina yote, aandike nani analia asubuhi na nani analia mchana. Ajue nani huleta kila mtoto na nani ana ruhusa ya kumchukua, wala asimtoe mtoto kwa mtu asiyemjua hata akijiita mjomba. Baadaye apewe watoto watano au sita, awaongoze katika mchezo mmoja, mwalimu akiwa chumbani humo humo. Ajifunze kuchuchumaa ili macho yake yawe sawa na ya mtoto anaposema naye. Mmoja wa walimu alisema kwamba hilo peke yake linapunguza kelele za darasa kuliko fimbo. Vifaa si lazima vinunuliwe: vizibo vya soda, magunzi, mbegu za ubuyu, udongo wa mfinyanzi, vyote viko Bariadi bila fedha, ila vyenye udogo wa kumezwa vihesabiwe vinapotolewa na vinaporudishwa. Kuhusu choo walikuwa wakali. Mtoto aendapo chooni asindikizwe kwa utaratibu unaojulikana na kuonekana na watu wengine, kwa usalama wa mtoto na kwa heshima ya binti mwenyewe. Alama ya kipigo au ya jambo baya zaidi ikionekana mwilini mwa mtoto, binti ajue siku hiyohiyo amwambie nani, mpaka kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na asitishwe na cheo cha mtu yeyote.

Baada ya mwaka mmoja au miwili wa namna hiyo ndipo huanza kuwa na maana kumpeleka chuoni. Kisangara, wilayani Mwanga, kuna chuo cha ustawi wa jamii kinachofundisha malezi ya watoto wadogo. Mafunzo ya walimu wa Montessori yamekuwapo Msimbazi jijini Dar es Salaam, Lushoto na Mtwara. Kutoka Bariadi kote huko ni mbali, na nauli pamoja na ada si jambo la familia moja ya mkulima wa pamba.

Tunajua jibu litakalotolewa na baadhi ya halmashauri za walei, maana tumekwisha kulisikia: parokia haina fedha. Wazazi huchangia debe la mahindi au ada ndogo, tena baada ya pamba kuuzwa, na mwaka ambao bei ni mbaya hawachangii kabisa. Hayo ni kweli. Lakini parokia hizohizo zilipojenga ukumbi zilimlipa fundi mwashi, na pale fedha zilipochelewa mwashi aliweka chini mwiko akaondoka. Binti wa chekechea haondoki, kwa sababu watoto watabaki peke yao. Tunaishi kwa kutegemea huruma yake hiyo, halafu tunamwambia kwamba anajitolea. Anayejitolea ni yule aliyeulizwa akakubali, akijua pia siku atakayomaliza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Parokia haimo nje ya sheria hiyo kwa sababu ina msalaba juu ya paa. Kama kweli huyo si mfanyakazi bali ni mwanagenzi, basi atendewe kama mwanagenzi: pawe na muda, mwalimu wake atajwe kwa jina, posho ijulikane hata kama ni ndogo, na asitumwe kuchota maji ya nyumba ya mapadre wala kufua mapazia ya kanisa wakati ambao angekuwa anajifunza. Karatasi moja inatosha. Wazazi wake waitwe, kama anavyoitwa mzazi wa kijana wa cherehani, na mwenyekiti wa kigango aweke sahihi. Tunawaomba WAWATA wasimame katika jambo hili, maana wengi wao ndio mama za watoto hao, na baadhi ni mama za mabinti wenyewe.

Zaidi ya hayo, kila parokia iangalie kama kituo chake kimesajiliwa. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa na Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na safari ya maombi huanzia kwa afisa wa halmashauri. Visivyosajiliwa ni vingi kuliko tunavyopenda kukiri, vikiwamo vya kwetu.

Kuhusu binti tuliyeanza naye, tulimwuliza angependa kutendewa nini. Tulidhani atataja mshahara kwanza. Alisema angependa mtu mmoja akae naye wiki moja tu, amwonyeshe cha kufanya nyimbo zikiisha. Mshahara aliutaja baadaye, kwa sauti ya chini. Kamati ya kigango chake imekubali kukutana tena pamba itakapouzwa, na mwalimu mkubwa ameanza kukaa naye darasani siku za Jumanne na Alhamisi. Fimbo imekwisha kuondolewa. Karatasi ya makubaliano bado haijaandikwa.