Kodi Ipimwe Kabla ya Kutozwa

Hakuna mwananchi mwenye akili timamu awezaye kudai kwamba nchi yaweza kujengwa bila ya kodi. Barabara haijichimbi, zahanati haijijengi, wala mwalimu hashibi kwa maneno matamu. Wakulima na wafugaji wa Haydom wanalijua jambo hilo vizuri, wala hawangoji kuhutubiwa. Tunalolinung'unikia leo si kodi yenyewe, bali ni namna wanasiasa wetu wanavyoiamua. Huamua kwanza, hupima baadaye, na huuliza mwisho kabisa, wakati mwananchi amekwisha umia.

Tuchukue mfano ulio wazi. Mwezi Juni 2021 Bunge lilipitisha tozo ya miamala ya simu. Tarehe 15 Julai ikaanza kukatwa, tangu shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kwa kadiri ya fedha zenyewe. Alikatwa anayetuma, akakatwa tena anayetoa. Hazikupita siku nyingi malalamiko yakaenea nchi nzima, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza jambo hilo liangaliwe upya. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000, lakini wakati huo huo tozo ikaenezwa kwenye miamala ya benki. Malalamiko yakarudi, na ilipofika Oktoba miamala kadhaa ya benki ikaondolewa. Katika bajeti ya Juni 2023 tozo ya kutuma fedha kwa simu ikafutwa.

Basi katika muda wa miaka miwili sheria moja imebadilishwa mara nne. Wako wanaosema kwamba huo ni usikivu wa Serikali. Usikivu ni jambo jema, nasi twausifu. Lakini fundi anayebomoa ukuta mara nne hasifiwi kwa usikivu; huulizwa kwa nini hakupima kabla ya kujenga.

Na kipimo kilikuwapo. Laiti wakubwa wetu wangalifika Haydom, wangalikiona. Hapo pana hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955, na wagonjwa huletwa kutoka Mbulu, Hanang na hata Singida. Mgonjwa amelala kitandani, mwanawe yuko kazini Arusha au Babati, na fedha za matibabu huja kwa simu, kwa kuwa kwa watu wengi wa vijijini simu ndiyo benki. Huyo anayezituma ni mfanyakazi ambaye mshahara wake hukatwa kodi kabla haujamfikia mkononi. Bajeti ile ile ya 2021 ilishusha kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kutoka asilimia 9 hadi 8. Mfanyakazi akashukuru, kisha alipotaka kumtibu mama yake, akakatwa njiani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Serikali ilieleza kwamba fedha za tozo zilikwenda kujenga vituo vya afya na madarasa. Hatubezi kazi hiyo, kwani tunaihitaji. Lakini haja njema haihalalishi hesabu mbovu. Bajeti hiyo hiyo ya 2023, iliyofuta tozo ya kutuma fedha, iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mahindi, alizeti na ng'ombe wa Haydom huenda sokoni kwa malori, na mnunuzi anapopanga bei shambani hutoa kwanza gharama ya mafuta. Mzigo haukutuliwa, umehamishwa bega, tena umewekwa mahali ambapo mbebaji hauoni.

Pupa hii haimo katika kutoza tu, imo hata katika kufuta. Mwaka 2003 ilipofutwa kodi ya maendeleo, iliyokuwa ikitozwa kila mtu mzima, wananchi walishangilia, na walikuwa na sababu ya kushangilia, kwa vile walikuwa wakisumbuliwa sana. Lakini halmashauri za wilaya zilipoteza pato lake, zikazidi kutegemea ruzuku kutoka juu. Hapo napo uamuzi ulitangulia, hesabu ikafuata.

Dawa yake haiko mbali. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 yaitaka halmashauri inapokusudia kutunga sheria ndogo iwatangazie wakazi wake na kupokea maoni yao. Ikiwa ushuru mdogo wa mnadani hauwezi kutungwa bila ya tangazo, yawezekanaje kodi ya nchi nzima isomwe katikati ya Juni na kuanza kukatwa Julai? Kamati ya Bunge hupokea maoni, hatukatai. Lakini wafikao Dodoma ni wale wenye nauli na wenye wanasheria. Mama auzaye mbegu za alizeti hafiki.

Twapendekeza kila kodi mpya itangazwe miezi mitatu kabla ya kusomwa Bungeni. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu kwa mujibu wa sheria. Basi kodi hiyo na isomwe hapo, pamoja na maelezo ya nani atailipa, kiasi gani, na itafanya kazi gani. Kuuliza si ujinga, na kumwuliza mlipaji hakumpunguzii Waziri heshima.

Sisi wanachama na wafanyakazi nasi tusijivue lawama. Mara ngapi tumeipigia makofi hotuba ya bajeti kabla ya kuisoma? Mbunge anayerudi jimboni aulizwe mambo mawili: alisema nini siku kodi hiyo ilipojadiliwa, na alimwuliza nani kabla ya kupiga kura. Asiyekuwa na jibu aambiwe waziwazi kwamba hakututumikia. Kodi tutalipa, maana nchi ni yetu. Tunachodai ni kuhesabiwa miongoni mwa wenye kuamua, kabla ya kuhesabiwa miongoni mwa wenye kulipa.