Ukipoteza kazi, usikimbilie kununua kompyuta

OKTOBA 14, 2025 ilipita kimya kimya hapa Mkwajuni. Wakulima walikuwa wakisafisha mashamba wakisubiri mvua, wachimbaji wadogo wa dhahabu wakiendelea na shughuli zao, na sikumsikia mtu akizungumzia kwamba siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kutoa bure marekebisho ya usalama kwa watumiaji wote wa Windows 10, mfumo endeshi ulioingia sokoni Julai 2015.

Mimi sikuweza kuisahau, kwani ilinikuta nikiwa nimebakiza wiki tatu za mkataba wa kazi.

Msomaji atakumbuka hali ilivyokuwa mwaka huo. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi serikali yake ikatangaza kufuta asilimia 83 ya miradi ya USAID, na Julai Mosi shirika hilo likafungwa rasmi. Mradi niliokuwa nikifanyia kazi haukufadhiliwa na Wamarekani, lakini mfadhili wetu naye alibana matumizi mwaka huohuo. Wachumi, maofisa ugani na wakusanya takwimu wa miradi tukajikuta sokoni kwa wakati mmoja, na kila mmoja akiwa na kompyuta mpakato iliyozeeka.

Swali likawa: je, fedha kidogo ya mwisho inunue kompyuta mpya yenye Windows 11, au ikae?

Nilipeleka yangu kwa fundi. Akaifungua, akaiangalia, akasema: "Dada, mashine ni nzima. Tatizo ni kizazi." Alikuwa sahihi. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa ambayo kwa upande wa Intel ni kuanzia kizazi cha nane, zilizoanza kutoka mwaka 2017. Yangu ni ya kizazi cha sita. Inafungua majedwali ya bei za ufuta bila kusuasua, lakini kwa Microsoft imekwisha. Mfanyabiashara mmoja wa Mbeya akanitajia Sh850,000 kwa iliyokwishatumika.

Hapa ndipo uchumi unapoingia. Fedha ya mtu aliyeachishwa kazi si mshahara, ni mtaji ambao haujui utarejeshwa lini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyepunguzwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa kazi, usiozidi miaka 10. Aliyefanya kazi miaka minne anapata siku 28, yaani mwezi mmoja na kidogo. Ambaye mkataba wake wa muda maalumu umekwisha wenyewe, kama mimi, sheria haimpi hata hicho. Lipo fao la kukosa ajira la NSSF, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia angalau miezi 18, lakini hilo ni la unga na kodi ya nyumba. Kulitoa Sh850,000 humo ni sawa na mkulima kuuza mbegu ili anunue ghala.

Tena hofu yenyewe imekuzwa. Windows 10 haikuzimika Oktoba 14. Inawaka na kufanya kazi kama jana. Kinachokosekana ni viraka vya kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni wanaendelea kuyatafuta. Hatari hiyo ni ya kweli na inakua kadiri miezi inavyopita, hasa kwa anayefanya miamala ya benki kwenye mashine hiyo. Lakini Microsoft iliacha mlango: kwa kompyuta za watu binafsi zenye toleo la 22H2, viraka vya usalama vilitangazwa kuendelea hadi Oktoba 13, 2026, ama kwa dola 30 (takriban Sh75,000 kwa kiwango cha wakati ule) au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio ya kompyuta yake kupitia akaunti ya Microsoft. Mimi nilichagua bila malipo. Kwa kampuni na taasisi bei ni nyingine kabisa: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na hupanda maradufu kila mwaka.

Lipo jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ndilo lililoniumiza zaidi kuliko kizazi cha prosesa. Kompyuta nyingi za miradi huunganishwa na akaunti ya ofisi. Siku mkataba unapokwisha akaunti inafungwa, na Excel uliyoizoea inagoma kuhariri, maana leseni ilikuwa ya mwajiri. Nyaraka zilizokuwa zikihifadhiwa mtandaoni huenda nazo. Mwenzetu mmoja aliachiwa kompyuta kama zawadi ya kuagana. Alipoisafisha ili aweke mfumo upya, ikamdai barua pepe na neno la siri la ofisi ambayo haikuwapo tena. Mwingine diski yake ilikuwa imefungwa kwa BitLocker. Baada ya kubadilisha mipangilio ya kuwashia, mashine ikaomba ufunguo wa tarakimu 48 uliokuwa umehifadhiwa kwenye akaunti iliyofutwa. Picha za mtoto wake zilikuwa humo.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia Windows 11, anayejua siku yake ya mwisho kazini atumie wiki zilizobaki kuomba mambo haya kwa maandishi: barua ya kumkabidhi kompyuta kama kweli ni yake, kuondolewa kwa mashine hiyo kwenye usimamizi wa ofisi, na ufunguo wa BitLocker. Vyeti vyake, hati za mishahara, mkataba na barua ya kuachishwa avinakili kwenye flashi mbili, avitume pia kwenye barua pepe yake binafsi. Takwimu za wakulima aziache, si zake. Nyaraka hizo za ajira ndizo atakazozihitaji akidai mafao, na vyeti vitahitajika kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Akitaka kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kulalamikia kuachishwa isivyo haki, ana siku 30 tu.

Wapo mafundi wanaoweka Windows 11 kwa ujanja kwenye mashine zisizofaa. Inaingia, ila Microsoft haiahidi kuzipa marekebisho mashine hizo, kwa hiyo unaweza kulipia ufundi ukabaki palepale. Wanaouza Windows za kuvunjwa kwenye flashi siwataji sana. Anayefungua mlango wa nyumba yako bila ufunguo anaweza kurudi usiku.

Njia nyingine ni Linux, ambayo haina ada. Wengi huiogopa bila sababu kubwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na mrithi wa OpenOffice, LibreOffice, anafungua majedwali ya Excel isipokuwa yenye makro nzito. Ugumu wake kwetu ni intaneti ya kupakulia na fundi wa kuuliza ikikwama. Mimi niliiweka kwenye diski ya pili, ninaijaribu jioni.

Ushauri huu haumfai kila mtu. Mhasibu wa chama cha ushirika anayetumia mifumo ya mtandaoni kusajili ufuta wa wanachama ghalani anabeba fedha za watu mia kadhaa, na chama kinapaswa kumnunulia mashine inayopata viraka. Vilevile aliyekwishasaini kazi inayodai programu isiyokubali Windows 10 anunue, maana kazi hiyo italipia. Ila mwenye kompyuta nzima, asiye na mkataba, anayeandika maombi ya kazi na kuweka hesabu za ekari zake, hana deni na Microsoft.

Ile Sh850,000 sikuitoa. Sehemu yake ilikodi na kulima ekari tatu za ufuta bondeni, na majedwali ya gharama zake nayajaza kwenye mashine ileile ya kizazi cha sita.