Simu haikuiba masomo

Wandugu vijana wa Kambove, kila siku bakubwa banasema: simu iliua masomo, mwanafunzi wa leo anakopia tu. Siye tuko na diploma, tuko ku nyumba bila kazi, na maneno hayo tunayakataa.

Maktaba ilikuwa wapi? Tulisomea silabusi za kununua, fotokopi ya fotokopi, herufi zimefutika. TFC tuliandika ku simu, usiku, sababu umeme ulirudi usiku. Lakini barabara ya maji ya Lufira iko hapa kwetu: bwawa la Mwadingusha, katika teritware ya Kambove, linatoa umeme tangu 1930!

Tulikopia, ndiyo. Hakuna mwalimu aliyetuonyesha namna ya kujua nani aliandika, lini, na kama anadanganya. Sasa ChatGPT inakujibu kwa Kifaransa kizuri kabisa, na mara ingine inakutajia vitabu ambavyo haviko duniani. Mdogo wetu wa mwaka wa kwanza atajuaje?

Na tusisahau RAM. Tangu Septemba 2020 serikali ilikata yuniti zetu, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G ao 4G, mpaka raia wakapiga kelele na kodi ikaondolewa 2022. Ile simu ndiyo ilikuwa maktaba yetu!

Tunadai somo la kutafuta na kuhakiki habari kuanzia mwaka wa kwanza, na chumba kimoja cha kusomea Kambove, chenye umeme na intaneti. Wakubwa watujibu kwa maandishi, si kwa redio.